Je, Wajua? Pikipiki Isiyo na Breki, Kiwanja Kisicho na Hati

Mvua ilikuwa imekatika, nami nimesimama kwenye kona ya barabara ya vumbi iendayo Kifungilo, huku kwetu Lushoto. Ikaja bodaboda na tenga la karoti nyuma. Dereva akaingia konani, tairi la nyuma likaanza kuserereka. Akashusha mguu wa kushoto, buti la mvua likachora mstari kwenye udongo mwekundu, usukani akaupindisha kulia ingawa kona inakwenda kushoto. Akapita. Hakuna aliyempigia makofi.

Huko Uingereza wapo watu wanaolipa kiingilio kutazama jambo hilohilo. Wanaliita spidiwei. Mchezo huo ulikuwa mkubwa, sasa unahema. Leo tuufungue, kisha turudi nao mlimani kwetu.

MASHINE

1. Je, wajua kuwa pikipiki ya spidiwei haina breki hata moja? Si uzembe wa fundi, ni kanuni. Wanne walio mbioni wote hawana breki, kwa hiyo hakuna awezaye kusimama ghafla akamponza aliye nyuma yake. Anayetaka kupunguza mwendo hupunguza mafuta na kuilaza pikipiki ubavu.

2. Gia nayo ni moja tu. Ukishaachia klachi, umeondoka.

3. Injini ni ya 500cc, yenye silinda moja. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77, yaani chombo kizima ni chepesi kuliko gunia la mahindi. Hata hivyo injini yake hutoa nguvu za farasi zaidi ya 70. Bodaboda ya kawaida ya 150cc ina uzito unaopita kilo 100, na nguvu zake ni kumi na ushee.

4. Je, wajua kuwa haitumii petroli? Inatumia methanoli, alikoholi ileile ambayo ikichanganyika kwenye gongo hupofusha macho na kuua. Moto wake mchana hauonekani vizuri, ndiyo maana mafundi wa mchezo huu hawaichezei.

5. Harufu ambayo wazee wa spidiwei huikumbuka kuliko kelele za injini ni ya mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika huuhuu unaojiotea pembeni mwa mashamba, ambao wengine huuita mnyonyo. Mafuta yake yalipendwa kulainisha injini za mbio kwa sababu huvumilia joto kali. Hata jina la kampuni ya Castrol lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo.

6. Mguu wa kushoto wa mwendeshaji huvaa kiatu cha chuma juu ya buti. Mbio zote huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kona zote ni za kushoto, na mguu huo ndio unaoburuzwa. Wa kwetu huvaa gambuti na kuburuza vivyo hivyo.

7. Mkononi mwa mwendeshaji hufungwa kamba fupi iliyounganishwa na swichi ya injini. Akianguka, kamba inachomoka na injini inazimika palepale. Pikipiki isiyo na mtu haipati nafasi ya kumkimbilia mtu mwingine.

MBIO

8. Mbio moja ni mizunguko minne, na huchukua kama dakika moja. Muda huo sufuria ya chai haijaanza hata kuimba jikoni.

9. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaambulia vumbi. Kila timu huingiza watu wawili, na mechi ya ligi huwa na mbio 15. Piga hesabu: pointi 90 kwa jumla. Pointi zote zikigawiwa, ushindi mwembamba kabisa ni 46 kwa 44.

10. Watazamaji huwatambua waendeshaji kwa rangi ya kofia. Nchini Uingereza wenyeji huvaa nyekundu na bluu, wageni nyeupe na njano. Huhitaji kumjua mtu jina ili umshangilie.

11. Je, wajua kuwa mwendeshaji hulipwa kwa pointi? Pikipiki ni zake, fundi ni wake, tairi ni lake. Usiku akikosa pointi, gharama zinabaki palepale. Dereva wa bodaboda anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye chombo anaielewa lugha hiyo bila mkalimani.

ULIKOTOKA

12. Je, wajua kuwa mchezo huu ulichipukia kwenye viwanja vya maonyesho ya kilimo? Historia yake huanzishwa West Maitland, Australia, Desemba 1923. Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa katibu wa chama cha maonyesho hayo, aliweka mbio za pikipiki kwenye uwanja wa nyasi ili kuvuta watu. Fikiria Nanenane, lakini pikipiki zinazunguka pale yanaposimamishwa mafahali wa maonyesho.

13. Uingereza husherehekea tarehe 19 Februari 1928, siku ya mbio za High Beech, kwenye msitu wa Epping karibu na London. Umati ulifurika hadi watu wakasimama upande wa ndani wa njia ya mbio.

14. Ubingwa wa dunia wa mtu mmoja mmoja ulianza 1936 uwanjani Wembley, na bingwa wa kwanza alikuwa Lionel Van Praag wa Australia. Fainali ya 1949 ilijaza uwanja huo watu wapatao 93,000, Tommy Price akawa Mwingereza wa kwanza kulitwaa taji. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa huchukua watu 60,000. Waongeze nusu yao tena, ndipo utaupata umati wa usiku ule.

15. Kilichofuata kilikuwa kodi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, karibu nusu ya kiingilio cha spidiwei ilichukuliwa na serikali kama kodi ya burudani. Televisheni nayo ikaingia sebuleni. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 timu nyingi zilikuwa zimefunga milango.

16. Je, wajua kuwa wanawake walikuwemo mwanzoni? Fay Taylour wa Ireland aliwashinda wanaume kadhaa hadharani. Mwaka 1930 Uingereza ikawapiga marufuku wanawake wote, na marufuku hiyo ikadumu kwa miongo mingi.

17. Wengine hawakungoja ruhusa. Desemba 1934 Theresa Wallach na Florence Blenkiron waliondoka London na pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela. Wakalivuka jangwa la Sahara, wakapita Kongo na Afrika Mashariki, wakafika Cape Town Julai 1935. Habari hii iwafikie wasichana wa sekondari ya Kifungilo: waliofika walikuwa wawili, na mafundi wa safari walikuwa wao wenyewe.

UNAKOKWENDA

18. Ligi ya Uingereza iliyoundwa 1965 ilianza na timu 18. Ligi kuu ya mwaka 2024 ilikuwa na timu 7.

19. Je, wajua kuwa timu inaweza kuchukua ubingwa na isikimbie tena? Swindon walitwaa ligi kuu ya Uingereza mwaka 2019. Msimu uliofuata ukafutwa na korona, na uwanja wao haukufufuka. Kombe lipo, mashabiki wapo, njia ya mbio haipo.

20. Peterborough walikuwa mabingwa 2021. Mwisho wa msimu wa 2023 wakatoka kwenye uwanja wao, ambao ulikuwa uwanja wa maonyesho ya kilimo, kwa sababu eneo lilitakiwa kwa ujenzi. Mchezo uliozaliwa kwenye maonyesho ya kilimo ukafukuzwa kwenye maonyesho ya kilimo.

21. Wolverhampton, ambako pikipiki zilianza kunguruma 1928, waliaga uwanja wao mwaka huohuo wa 2023. Hawakuwa wamiliki. Uwanja ni wa mbio za mbwa, na mwenye nyumba alizitaka siku zake. Timu nyingi za spidiwei zimeishi hivyo miaka yote: mpangaji anayelala kwenye kitanda cha mbwa.

22. Halafu kuna kelele. Uwanja hujengwa pembeni mwa mji, mji unaukuta, nyumba zinapangwa hadi ukutani. Aliyehamia jana anakwenda kulalamikia ngurumo iliyokuwapo kabla babu yake hajazaliwa.

23. Kuanzia 2001 hadi 2024, mbio za ubingwa wa dunia za Uingereza zilikuwa zikifanyika Cardiff, ndani ya uwanja wenye viti zaidi ya 70,000. Mwaka 2025 zikahamishiwa Manchester, kwenye uwanja unaochukua maelfu machache tu.

24. Usidhani Waingereza wamesahau kuendesha. Tai Woffinden alikuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018. Mwaka 2021 Uingereza ikashinda ubingwa wa dunia wa mataifa. Waendeshaji wapo. Shida iko chini ya magurudumu yao.

25. Kwa nini basi Poland imenawiri? Bartosz Zmarzlik wa huko alifikisha mataji sita ya dunia mwaka 2025, akawafikia Ivan Mauger wa New Zealand na Tony Rickardsson wa Sweden. Ligi ya Poland ndiyo tajiri kuliko zote, na waendeshaji wa Uingereza hupanda ndege kwenda kuchuma huko. Lakini angalia jambo dogo: viwanja vingi vya spidiwei vya Poland ni mali ya manispaa. Klabu ikiyumba, uwanja unabaki pale pale na kumsubiri atakayefuata.

26. Uingereza yenyewe ina ushahidi huo. Uwanja wa taifa wa spidiwei uliofunguliwa Manchester mwaka 2016 ulijengwa na halmashauri ya jiji, na timu ya Belle Vue ingali inakimbia humo. Oxford nako, ambako spidiwei ilikoma 2007, pikipiki zilirejea 2022, baada ya miaka ya wakazi na halmashauri kukataa uwanja ugeuzwe nyumba.

TURUDI NYUMBANI

27. Je, wajua kuwa jina bodaboda limetoka mpakani? Linatokana na neno la Kiingereza la mpaka, likitamkwa mara mbili na waendesha baiskeli waliovusha abiria kati ya Kenya na Uganda, upande wa Busia. Baiskeli ikapisha pikipiki, jina likabaki.

28. Jina pikipiki nalo halikuhitaji kamati. Ni mlio wa injini. Kamusi zina jina jingine lenye asili hiyohiyo: tukutuku.

29. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami, na kwa kipande hicho unapanda kama mita 1,000. Hapo ndipo baadhi ya madereva hushuka frii, injini imezimwa, wapate kuokoa mafuta. Hesabu yake ni mbaya. Injini ikiwa kwenye gia husaidia kuishikilia pikipiki, lakini ikizimwa mzigo wote unaangukia breki. Breki zikikamatwa mfululizo kona baada ya kona hupata joto, na zikishapata joto hazishiki. Yule wa spidiwei hana breki na anajua hana. Wa frii anadhani anazo.

30. Je, wajua aliyechochea utafiti wa kofia ngumu? Mwaka 1935 T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, alianguka na pikipiki na kufa kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, akaanza kuchunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi na kuthibitisha kuwa kofia huokoa. Tafiti zilizokusanywa baadaye zinaonyesha kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani haimo katika hesabu hizo. Wala abiria wa mshikaki, watatu nyuma ya dereva mmoja.

31. Spidiwei haikuota mizizi kwetu, ila mbio za magurudumu tunazo. Safari Rally ilianza 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilirejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha.

32. Kwa pikipiki, mchezo wetu mkubwa ni motokrosi, ule wa kuruka vilima vya udongo. Nairobi hushindania Jamhuri Park, Uganda ina waendeshaji wake hodari, na Tanzania hupeleka vijana kwenye mashindano ya kanda. Tatizo ni kwamba pikipiki ya motokrosi si ile ya kijiweni. Ni ghali, na wengi wa wanaoipanda walizaliwa katika nyumba zenye uwezo wa kuinunua.

33. Mwafrika anaweza kufika juu kabisa. Ross Branch wa Botswana, rubani wa ndege kwa taaluma, alishika nafasi ya pili kwenye mbio za Dakar mwaka 2024 kwa pikipiki, na mwaka huohuo akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani. Barabara za vumbi za kwao ndizo zilizomfunza.

34. Si lazima hata injini. Mjini Goma, chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, hubeba mamia ya kilo na kuteremka milima kwa uzito wake. Mji umekisimamishia sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Sisi dereva wa tenga la karoti tunamkumbuka akianguka.

NENO LA MWISHO

Ukiunganisha yote haya, utaona Uingereza haikukosa pikipiki, wala ujuzi, wala watu wa kulipa kiingilio. Ilikosa ardhi yenye mwenyewe anayeupenda mchezo. Kila timu iliyopanga uwanja wa mtu mwingine iliishi kwa huruma ya huyo mtu, na huruma ina bei, nayo bei ya kiwanja cha nyumba hupanda kila mwaka.

Kwetu vijana wanashindana tayari. Wanashindana usiku, barabarani, kati ya malori ya kabichi na wanafunzi wanaorudi nyumbani, na matokeo yake tunayasoma hospitalini. Kuwaambia waache haijawahi kufaa. Wapeni mahali.

Viwanja vya Nanenane vya kanda yetu viko Morogoro, na shughuli yake kubwa huja mara moja kwa mwaka, Agosti. Njia ya udongo ya mita 300 haihitaji lami wala jukwaa la zege. Inahitaji greda siku moja, uzio wa matairi chakavu, gari la wagonjwa, na polisi wa usalama barabarani ambaye siku hiyo atakuja kupima muda badala ya kuandika faini. Pikipiki ziwe hizihizi za kijiweni, kofia iwe lazima, anayekamatwa akikimbia barabarani afungiwe msimu mzima.

Na kijijini kwako, hata kama pikipiki hazikuhusu, kuna kiwanja ambacho watoto huchezea mpira jioni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi, na mkutano mkuu wa kijiji uwezo wa kuidhinisha eneo la matumizi ya pamoja. Mkutano ujao, nyoosha mkono uulize: kiwanja chetu kimepimwa? Kimeandikwa kwa jina la nani? Jibu likiwa "tutaliangalia", usikae chini. Swindon nao waliambiwa uwanja unaangaliwa.